Uzi wa kesadia za kuku: chapati laini, kuku wa jana na jibini kidogo

MamaPacha, Kigoma (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Kuna mdau aliuliza juzi apike nini cha haraka chenye kuku ambacho si wali wala chipsi. Nilimjibu kesadia, nikaahidi nitaeleza. Leo nimepata nafasi. Naomba twende taratibu, maana pishi lenyewe ni rahisi ila lina sehemu mbili tatu ambazo ukizikosea unaishia kula chapati iliyolowa.

Kwa ambao hawajaonja: jina linaandikwa quesadilla, linatamkwa kesadia. Ni chakula cha Meksiko, na neno lenyewe limetoka kwenye queso, yaani jibini kwa Kihispania. Wenzetu wanachukua tortiya, ambayo ni kama chapati nyembamba isiyo na matabaka, wanaweka jibini ndani, wanakunja katikati na kuichoma kwenye chuma kikavu mpaka jibini iyeyuke. Kuku ni nyongeza, lakini kwangu mimi ndiyo inayofanya kiwe chakula cha usiku na si kitafunwa.

Nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kazini natoka saa kumi na moja, nikifika nyumbani pacha wangu wameshaanza kufunua masufuria. Siku ambayo kuna kuku aliyebaki na chapati zimo ndani ya hotpoti, nikivua viatu, baada ya dakika ishirini watu wanakula. Ndiyo maana nakipenda.

Mahitaji ya watu wanne. Kwa chapati: unga wa ngano vikombe vitatu, chumvi kijiko kimoja cha chai, beking pauda kijiko kimoja cha chai, mafuta ya kula robo kikombe, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe kwanza, mengine unaongeza kidogo kidogo unga ukiyadai. Kwa kujaza: kuku aliyeiva na kuchambuliwa nyuzinyuzi vikombe viwili, jibini gramu 200, kitunguu kimoja, hoho moja, nyanya moja iliyokomaa, vitunguu swaumu punje tatu, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili kadiri ya mdomo wako, ndimu, na kotimiri kama ipo.

Anza na unga. Changanya vikavu, tia mafuta, fikicha kwa vidole mpaka unga uwe kama chenga, halafu ndiyo maji. Kanda dakika saba au nane, funika, acha dakika ishirini. Msiruke hizo dakika ishirini. Unga usiopumzika ukiusukuma unajirudi, na chapati inatoka nene. Kata madonge manane, sukuma nyembamba, upana wa sahani ya kawaida. Usipake mafuta ndani wala usizungushe kama konokono, hatutaki matabaka. Weka kwenye kikaango kikavu chenye moto mzuri. Ikianza kutoa malengelenge geuza, upande wa pili nusu dakika inatosha. Itoke nyeupe yenye madoa machache. Ukiiacha ikauke sasa hivi, baadaye ukikunja itapasuka. Zipange ndani ya hotpoti zikiwa zimefunikwa kitambaa, mvuke wake uzilainishe.

Kwa nini nisitumie chapati zetu za kawaida za kusukuma? Unaweza, nami nilianza hivyo. Ila chapati yetu ina mafuta mengi kati ya matabaka. Ukiichoma mara ya pili mafuta yanatoka yote kwenye kikaango na vidole vinalowa. Kama zimebaki za asubuhi na hutaki kazi, tumia, lakini usiongeze hata tone la mafuta.

Kuku sasa. Kaanga kitunguu na hoho kwa mafuta kijiko kimoja, tia swaumu na binzari, kisha nyanya uliyoitoa mbegu na maji yake. Ngoja nyanya ikauke kabisa ndipo utie kuku na chumvi. Geuza mpaka ukiinamisha kikaango usione kitu kinatiririka. Kamulia ndimu kidogo, nyunyiza kotimiri, epua.

Kuunga: rudisha kikaango kwenye moto wa wastani, weka chapati moja. Kwenye nusu yake tandaza jibini kidogo, halafu kuku vijiko vitatu vya kulia, halafu jibini tena juu ya kuku. Kunja nusu iliyobaki, bonyeza kwa mwiko. Dakika mbili upande huu, dakika mbili upande ule. Unapogeuza, geuza kuelekea kwenye mkunjo, kuku wasimwagike. Toa, acha itulie dakika moja, kata vipande vitatu.

Jibini inakuwa chini na juu kwa sababu ndiyo gundi. Ukiiweka upande mmoja, kuku wa upande wa pili hawana cha kuwashika, wanaanguka ukiuma tu.

Mara yangu ya kwanza nilitumia kuku wa rosti pamoja na mchuzi wake, nikijua utamu upo kwenye mchuzi. Chapati ililainika katikati ikachanika, jibini ikavuja ikaungulia kwenye kikaango, watoto wakala kwa kijiko. Niliumia, maana ile jibini niliagiza Dar kwa mtu na haikuwa rahisi kuipata. Ndiyo sababu nasisitiza ukavu wa kuku kuliko kitu kingine chochote kwenye uzi huu.

Karibuni kwa maswali.

Mwana_Isevya, Tabora

Dada ubarikiwe, nimesoma neno kwa neno. Huku kwetu Tabora kuku wa kienyeji ndiye kuku, wa kisasa sisi tunamla tukikosa. Je, huyu wa kienyeji atafaa au atakuwa mgumu ndani ya chapati? Mke wangu anasema nyuzi zake zitasumbua watoto.

MamaPacha

Kaka anafaa, na ladha yake inamzidi wa kisasa kwa mbali. Shida ni muda. Wa kisasa ukimchemsha dakika 25 hadi 30 ameiva. Wa kienyeji, hasa jogoo, mpe saa moja na nusu au zaidi, moto mdogo, sufuria imefunikwa, na kipande cha tangawizi na kitunguu. Sasa hapo hakuna "haraka" tena. Ninachofanya mimi: Jumapili nikichemsha kuku wa kienyeji kwa ajili ya mchuzi, natoa mapaja mawili na kidari kabla ya kuunga mchuzi, nachambua wakiwa vuguvugu, naweka kwenye friji. Jumatatu jioni ndiyo kesadia.

Kuhusu nyuzi mwambie wifi achambue kisha akate hizo nyuzi kwa kisu zikiwa fupi kama nusu kidole. Nyuzi ndefu ndizo zinazomfanya mtoto avute kuku wote kwa pamoja. Na paja ni bora kuliko kidari, halikauki haraka linapochomwa mara ya pili.

Kapera_Ipuli, Tabora

Mimi naishi chumba kimoja, sina friji, nina jiko la gesi la mtungi mdogo. Kuku nikinunua nusu lazima nimmalize siku hiyohiyo. Naruhusiwa kukaa kwenye uzi?

MamaPacha

Karibu sana mdogo wangu, tena wewe ndiye umepangiwa pishi hili. Kuku aliyepikwa asikae nje zaidi ya saa mbili, na joto la huku usilizoee. Kwa hiyo usipike mengi. Nunua paja moja kubwa, toa mfupa, kata vipande vidogo kama punje za karanga mbilimbili. Kaanga mbichi hivyohivyo na chumvi, swaumu na binzari, dakika nane mpaka kumi, hadi ukikata kipande hakuna wekundu ndani na maji yamekauka. Hapo umeruka kuchemsha kabisa. Chapati nunua mbili kwa mama wa jirani asubuhi kama hutaki kukanda, mwombe zisizo na mafuta mengi. Jibini nunua kipande kidogo siku unayopika.

Mwana_Isevya

Na hiyo jibini tunaipata wapi wakuu? Hapo ndipo panaponitisha.

MamaPacha

Ngoja nieleze nilivyozoea mimi, wengine mtaongeza.

Hapa mjini maduka ya vyakula yenye friji huwa nayo, si kila siku. Tanzania inatengenezwa, Njombe wanajulikana kwa jibini kwa mfano, lakini mpaka ifike huku mwisho wa reli imeshasafiri sana. Ukiagiza kwa mtu anayetoka Dar, agiza ile ngumu, cheddar au gouda. Mozzarella inavutika vizuri sana ikiyeyuka lakini ina maji mengi, safari ndefu kwenye basi inaichosha. Mimi iliwahi kunifikia imetoa jasho na harufu imebadilika, nikaitupa.

Ikifika usiiache kipande kizima ikauke. Ikwangue yote kwenye kikwangulio cha karoti, gawa kwenye mifuko midogo ya mlo mmojammoja, weka kwenye friza. Unaitoa unaitumia ikiwa bado na ubaridi, inayeyuka vilevile. Umeme ukikatika usifungue friza.

Na mtu asije akadhani jibini nyingi ndiyo utamu. Gramu 25 kwa kesadia moja, yaani konzi ndogo, inatosha. Ikizidi inavuja pembeni, inaungua.

Dada_Kasulu

Habari za humu. Mimi nafuga ng'ombe wawili, maziwa ninayo. Nilisoma mahali jinsi ya kutengeneza jibini kwa ndimu: unachemsha maziwa, unakamulia ndimu, yanakatika, unachuja kwenye kitambaa. Nimefanya, imetoka nzuri nyeupe. Ila nilipoiweka kwenye chapati haikuyeyuka. Nimeipika mpaka chapati imeungua, yenyewe ipo vilevile kama chenga. Nilikosea wapi?

MzeeJiko, Tabora

Binti, hukukosea. Jibini ya ndimu haiyeyuki, hata ukiitia kwenye tanuri. Nimepika kwenye hoteli za watalii Arusha miaka mingi kabla sijarudi nyumbani hapa Cheyo, na hili swali nililiulizwa kila mwaka na vijana wapya.

Maziwa yana chokaa yake ya asili, ile inayojenga mifupa. Ndani ya jibini, chokaa hiyo ndiyo inayoyafunga magunia ya protini pamoja kwa kamba laini. Jibini kama cheddar au mozzarella ina kamba hizo kwa kiasi chake, ikipata moto zinalegea na jibini inatiririka. Ndimu ukiikamulia kwenye maziwa ya moto inaiyeyusha ile chokaa ikaondoka na maji unayochuja. Protini zinabaki zimeng'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe, moto hauzilegezi, unazidi kuzikausha. Wahindi wana ya namna hiyo, wanaiita paneer, na wanaipenda hasa kwa sababu haiyeyuki: wanaikaanga vipande kama nyama.

Usiitupe. Ichanganye na kuku kama sehemu ya kujaza, ina ladha nzuri. Ila gundi tafuta nyingine.

MamaPacha

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hili la chokaa sikulijua, nilijua tu kwamba haiyeyuki.

Dada Kasulu, kwa kuwa maziwa unayo, fanya hivi. Yeyusha siagi kijiko kimoja cha kulia, tia unga wa ngano kijiko kimoja, koroga dakika moja, mimina maziwa nusu kikombe kidogo kidogo huku unakoroga hadi yawe mazito kama uji wa mtoto. Epua, tia jibini ya dukani konzi mbili tu, koroga iyeyuke. Unapata kitu kizito cha kupaka ambacho kinashika kesadia nne au tano. Mimi ndivyo nilivyofanya ile miezi ambayo jibini haikupatikana kirahisi. Ladha si ileile, ni laini zaidi, lakini watoto hawakulalamika.

MzeeJiko

Marahaba mama. Hiyo ni sahihi, na nyongeza moja: usirudishe motoni ukishatia jibini, itakatika iwe na chenga na mafuta juu.

Kijana_wa_Ujiji

Shikamooni wote. Mimi nina maswali matatu. Moja, tortiya za asili nasikia ni za mahindi. Sasa kwa nini tuhangaike na ngano wakati sembe ipo kila nyumba? Mbili, naweza kutumia mawese? Tatu, bibi yangu hapendi jibini kabisa, anasema inanuka.

MzeeJiko

Marahaba kijana. La kwanza nalijibu mimi.

Kweli tortiya ya kale ni ya mahindi. Zile za ngano ni za kaskazini mwa Meksiko zaidi, baada ya Wahispania kuleta ngano. Lakini unga wao wa mahindi si sembe. Wao mahindi wanayachemsha kwanza na maji ya chokaa, wanayaacha yalale humo usiku kucha, asubuhi wanayaosha ganda litoke, ndipo wanasaga yakiwa mabichi. Ile chokaa inafanya unga unate, ukiubonyeza unashikana kama udongo wa mfinyanzi. Sembe yetu ukiikanda na maji ukajaribu kuisukuma, inapasuka kila upande, kwa sababu mahindi hayana ule mnato wa ngano. Nimejaribu na sembe, na dona, nimejaribu na maji ya moto, inatoka kitu kinene kinachovunjika. Na tafadhali mtu asije akachukua chokaa ya kupaka ukutani akatia kwenye chakula. Wao wana ya kulia.

Nikwambie pia, hesabu vitu vilivyo kwenye sahani hiyo. Mahindi, nyanya, pilipili, maharage, parachichi: hivyo vilikuwa vya watu wa Meksiko na majirani zao, vikavuka bahari na kufika kwetu. Kuku, ngano na ng'ombe wa kutoa jibini walivushwa kwenda kule na Wahispania, walioangusha dola la Waazteki mwaka 1521. Hata majina ya Kiingereza ya nyanya na parachichi, tomato na avocado, yana asili ya lugha ya watu wale. Kwa hiyo kesadia ya kuku ni pishi la pande mbili za bahari tangu mwanzo. Mimi sioni ugeni wake hapa Tabora.

MamaPacha

Mzee umenikalisha chini, asante.

Kijana wangu, mawese ndiyo, na nilikuwa nangoja mtu wa Kigoma aulize. Tumia kijiko kimoja cha kulia kukaangia kitunguu na kuku, badala ya mafuta ya kawaida. Yachome kwanza kidogo ile harufu ya ubichi itoke, lakini yasifike kutoa moshi mzito. Tia pilipili kichaa moja nzima bila kuipasua. Kuku anakuwa na rangi nzuri ya machungwa na ladha ambayo hakuna kesadia ya hotelini itakupa. Ila usiyapake kwenye kikaango wakati wa kuchoma kesadia yenyewe. Nilijaribu, harufu ilifunika jibini yote, na chapati ikawa na rangi isiyovutia.

La bibi nitalirudia, ngoja watoto walale.

Kapera_Ipuli

Nimepika jana! Kuku paja moja, chapati mbili za kununua, jibini kipande. Ukweli ni kwamba nilijaza sana. Nilipokunja haikufunga, kuku wakatoka. Ila utamu upo, nimekula nikiwa nimesimama jikoni. Leo narudia na vijiko vitatu kama ulivyosema.

Mwana_Isevya

Na mimi natoa ripoti. Sisi tunatumia mkaa. Kesadia ya kwanza nje imeungua nyeusi, ndani jibini bado ngumu. Ya pili vilevile. Mke wangu akasema moto ni mkali, nikapunguza mkaa, ya tatu ikachukua muda mrefu ikakauka kama kaukau. Dada tusaidie wa mkaa.

MamaPacha

Pole kaka. Mkaa unataka mambo mawili. Kikaango kiwe kizito, kile cha chuma cha kuchomea chapati ndicho bora. Kile chepesi cha bati kinapokea moto kwa pupa. Pili, subiri mkaa upite ule ukali, uvae majivu meupe juu, halafu usogeze pembeni uache katikati pana mkaa mchache. Pima kwa kiganja: weka mkono juu ya kikaango kitupu, urefu wa kiganja kutoka kwenye chuma. Ukihesabu moja mpaka tano ndipo unautoa, moto ni wa wastani. Ukitoa kwenye mbili, bado.

Na funika. Chukua mfuniko wa sufuria uifunike kesadia dakika moja ya kwanza. Joto linabaki juu, jibini inayeyuka kabla chini haijaungua. Dakika ya mwisho funua ili chapati ikauke na kutoa ule mlio.

Kitu kingine, jibini itoke kwenye friza mapema kidogo ikiwa unatumia mkaa, na kuku awe vuguvugu. Ukiweka vya baridi ndani unalazimisha chapati ingoje.

Mwana_Isevya

Nimefuata. Mfuniko ndiyo ulikuwa siri! Nne zimetoka za dhahabu. Halafu huku msimu wa mvua uyoga unauzwa barabarani, mke wangu amekata uyoga akaukaanga peke yake mpaka maji yakakauka, akauchanganya na kuku nusu kwa nusu. Nakuambia dada, kuku mmoja tumekula watu saba.

MzeeJiko

Hapo umefanya kama mwenyeji wa kule. Wameksiko wanaweka uyoga kwenye kesadia, wanaweka hata maua ya maboga, na ule ukungu mweusi unaovimba kwenye gunzi la hindi, wao wanauita huitlacoche na wanaulipia. Uyoga tu uununue kwa mtu unayemjua na aliyezoea kuuchuma. Huo wa miombo unafanana mzuri na mbaya.

Dada_Kasulu

Ya kushushia mnaweka nini? Mimi nimefanya kachumbari ya kawaida.

MamaPacha

Kachumbari inakwenda vizuri. Mimi napenda parachichi lililopondwa kwa uma na chumvi, ndimu, kitunguu kilichokatwa kidogo sana na pilipili mbichi. Liponde dakika ya mwisho, likikaa linakuwa jeusi. Na wewe mwenye ng'ombe: mimina maziwa mgando kwenye kitambaa safi, ning'iniza saa mbili maji yashuke, kinachobaki kinakuwa kizito kama malai, tia chumvi. Kinapoza pilipili kwa watoto.

Za kubeba shule nachoma jioni, napooza kabisa kwenye waya wazi, naweka friji. Asubuhi nazipasha kwenye kikaango kikavu hadi ndani ziwe za moto kweli, si uvuguvugu. Ukizifunga za moto kwenye mfuko zinatoa jasho zinalowa.

Sasa la bibi wa Ujiji. Kijana, kama bibi hataki jibini, tafuta gundi nyingine. Maharage. Mkoa wetu una maharage mazuri, chemsha mpaka yalegee, chuja maji yake uyaweke pembeni, kaanga kitunguu, tia maharage uyaponde humohumo kwenye kikaango, ukiongeza yale maji kidogo hadi yawe mazito ya kupaka. Paka chapati nusu nzima, tandaza kuku, kunja, choma. Yatamshika kuku vizuri. Usiyafanye mepesi.

Kijana_wa_Ujiji

Shikamooni tena. Nimemfanyia bibi jana usiku. Maharage, kuku wa kienyeji, mawese kijiko kimoja kama ulivyosema mama, pilipili kichaa nzima. Nilimkatia vipande vitatu. Alikaa kimya anakula, nikaogopa. Alipomaliza akauliza vingine viko wapi. Akasema hiki ni chapati kuku, si cha wazungu.

Swali langu ni kwa mzee. Kama neno lenyewe ni jibini na mimi sikuweka jibini, hiyo bado inaitwa kesadia au nimpe bibi jina lingine?

MzeeJiko

Marahaba mjukuu. Umeuliza kitu ambacho Wameksiko wenyewe wanabishania mpaka leo. Pale Mexico City ukiagiza kesadia muuzaji anakuuliza ya nini: ya uyoga, ya kuku, ya viazi? Na jibini usipoitaja huenda usiwekewe. Watu wa mikoa mingine wanakasirika, wanasema kesadia bila queso ni kitu gani, wa mji mkuu wanajibu kwamba kesadia ni ule mkunjo. Kwa hiyo ukiwa upande wa mji mkuu, bibi yako amekula kesadia halali kabisa.

MamaPacha

Nimefurahi mno, mpe bibi shikamoo yangu. Hayo maharage uliyaponda kwa nini, mwiko au kinu? Maana yameshika vizuri kuliko yangu.

Kijana_wa_Ujiji

Mwiko, mama. Bibi alininyang'anya akaponda mwenyewe.